Mlio Mmoja

Kaunta ya tisa, dukani Ghala, Maskati:
kila kipitacho mbele yangu kina mlio wake mmoja.
Tende, tiit. Nepi, tiit. Kopo la jodari, tiit.
Bei za vitu vya watu nazijua kwa moyo
kuliko majina ya ninaolala nao chumba kimoja.

Usiku, juu ya dabo deka,
naandika nyuma ya risiti iliyokwama mashineni:
riale mia na thelathini, basi.
Prosesa. Ubao mama. Kumbukumbu. Diski.
Kisambaza umeme. Kadi ya michoro.
Hapo kalamu husita,
kama mteja aliyefika kwangu na toroli limejaa
akaanza kurudisha kimoja kimoja,
kwanza chokoleti, kisha jibini,
hadi akabaki na mkate, ameukamata kama mkono wa mtoto.

Nimemwona mara nyingi mteja yule.
Mwezi huu ni mimi.

Mbaruku ananitumia sauti kutoka Pangani:
"Dada, usibane kwenye prosesa."
Kesho yake: "Dada, usibane kwenye kadi."
Keshokutwa: "Kumbukumbu ya jibi nane haitoshi, itafutie pacha."
Mdomo haulipi kodi, mdogo wangu.

Nekesa, kitanda cha chini, anauliza:
"Hizo si mabati thelathini?"
Ni mabati thelathini. Nimeshahesabu.
Nyumba ya mama nimeiezeka mwaka juzi,
mwaka jana nikaezeka jiko.
Mwaka huu nataka kitu
kisichoezekwa juu ya kichwa cha mtu.

Kasha nililiokota nyuma ya benki,
limebonyea ubavu, lina stika ya hesabu ya mali.
Tulilisugua kwa mswaki wa zamani
tukatoa vumbi la kutosha kupanda mchicha.

Ijumaa, Ruwi, duka chini ya ngazi.
Nilionyesha kidole kisambaza umeme cha riale sita.
Bijeesh hakujibu. Aliniwekea cha sita mkono wa kushoto,
cha kumi na nne mkono wa kulia,
akaniacha nisimame pale kama mizani.
Cha kushoto kilikuwa chepesi kama salamu ya mdeni.
Kisha akapuliza hewani, taratibu,
akinichorea moshi.
Nikalipa kumi na nne,
na kadi niliyoiota wiki tatu
ikashuka ngazi, ikawa kadi nyingine,
kongwe, ya Azzan wa Mabela.

Azzan alikuja nayo imefungwa kwenye soksi.
Kiswahili chake ni cha bibi yake, cha Unguja ya zamani:
"Nzima hii, wallahi, ila feni yake yalia kidogo."
Yalia vipi?
"Kama bibi akisikia bei ya vitunguu."
Nilicheka, akapunguza riale tatu.

Sikumwambia kwamba utotoni, kibandani kwa Kihiyo,
wavulana walicheza gemu za magari
shilingi hamsini kwa raundi,
na mimi nilikaa mlangoni na kopo.
Nilipokea sarafu. Nilirudisha chenji.
Nilimwita Mbaruku zamu yake ilipofika.
Usukani wa mashine ile sikuwahi kuushika.

Jana usiku, bisibisi ya kuazima,
kiyoyozi kinakohoa, nje joto halijui kama jua limezama.
Prosesa nililiweka kwa pumzi moja,
miguu yake myembamba kuliko mwiba wa dagaa.
Nikabonyeza.
Feni ikalalamika, kama ilivyoahidiwa.
Skrini nyeusi.
Nekesa akaacha kutafuna.
Nikachomoa kumbukumbu, nikaisukuma tena
mpaka ikasema "ta", pande zote mbili.
Nikabonyeza.

Tiit.

Mlio mmoja, na skrini ikapata rangi.
Mkono wangu ulikuwa tayari umenyooka
kupokea kitu kinachofuata.
Hakuna aliyekuwa amefungua pochi.
Nikasubiri, kwa mazoea, jumla.